Unataka kufuga buibui? Angalia nyumba kwanza!

Katikati ya masika haya nilikuwa na msiba, na nikiwatajia marehemu ni nani najua nusu yenu mtacheka. Nilifiwa na buibui.

Dada zangu wa pwani, msianze kuniuliza ni la kitambaa gani na liliungua kwa pasi au vipi. Sisemi vazi. Nasema buibui mwenyewe wa miguu minane, tena si huyu mwembamba anayetanda kwenye pembe za dari. Nasema lile bonge la mtu lenye manyoya, upana wa kiganja, ambalo Wazungu wanaliita tarantula.

Jina hilo lina kisa chake. Limetoka mji wa Taranto, kule Italia. Watu wa zamani huko waliamini kwamba ukiumwa na buibui wa pale, dawa yake ni kucheza ngoma mpaka jasho likutoke na sumu nalo. Ndiyo ikapata umaarufu ngoma ya tarantella. Kichekesho ni kwamba buibui wa Taranto ni wa ukoo mwingine kabisa. Jina likahamia kwa hawa manyoya, basi tena, limeshawaganda. Walioko Afrika wakabandikwa na jina la pili, buibui wa nyani, kwa sababu ncha za miguu yao zinafanana na vidole vya nyani.

Sasa kisa chenyewe. Naishi Makumira, chumba kimoja, nyumba ya wapangaji watano, ua mmoja, bomba moja, choo kimoja. Ninakaa na mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumbani, yupo darasa la tano. Mwaka jana mwishoni kuna mgeni mmoja alikuwa anahama Usa River, akauza vyombo vyake. Wenzangu walikimbilia jiko la gesi na godoro. Mimi nikatoka na tanki la samaki la kioo, shilingi 15,000. Urefu sentimita 60, upana 30, kimo 40. Nilijiona nimepata bonge la dili.

Samaki wenyewe sikununua. Nilipouliza bei ya pampu ya hewa nikaona bora tule dagaa. Tanki likapandishwa juu ya kabati, likawa la kuwekea viatu vya Jumapili.

Basi usiku mmoja wa mvua dogo akaingia na ndoo ya rangi, kaifunika kwa sahani. Walikuwa wamekwenda na wenzake chini ya barabara kuu, kule kukavu kwenye mashamba ya mahindi, jembe la mtu likafumua shimo. Nikafunua sahani. Jamani! Alikuwa amekunja miguu pembeni ya ndoo, rangi ya kahawia inayong'aa kama dhahabu, na mgongoni ana michirizi inayotawanyika kama miale ya jua. Nilitaka kupiga kelele, lakini nikajikuta nimechuchumaa namwangalia.

Dogo akasema maneno mawili tu: "Dada, tunalo tanki."

Yashikeni maneno hayo. Ndiyo yaliyoua.

Tukatoa viatu. Tukaweka mchanga wa mtoni, unene wa vidole viwili. Katikati tukaweka jiwe zuri la mtoni, tukasimamisha tawi kavu, tukapachika na maua ya plastiki. Juu tukafunika kwa wavu wa waya wa dirishani. Tanki lilipendeza kama studio ya kupigia picha za harusi. Majirani walikuja kuangalia. Mimi nilivimba kichwa.

Alfajiri tukasikia kishindo kidogo, puh! Buibui alikuwa amepanda kioo usiku mpaka juu kabisa, akaning'inia kwenye wavu, kucha zikanasa. Alipojinasua akaanguka juu ya lile jiwe letu zuri. Sentimita 40 ni kitu gani? Kwa mtoto ni kuruka kitandani. Kwa buibui mzito ni kuanguka kutoka juu ya paa. Tumbo lake ni ngozi laini mithili ya puto lenye maji. Lilipasuka.

Nilichojifunza baadaye kiliniuma zaidi. Buibui hana misuli ya kunyoosha viungo vikubwa vya miguu yake. Anainyoosha kwa msukumo wa maji ya mwilini, kama mpira wa kumwagilia unavyokakamaa ukifungua bomba. Maji yakivuja, miguu inajikunja yenyewe kwa ndani. Ndivyo tulivyomwona. Dogo akaniuliza kama tumpeleke kwa daktari wa mifugo. Sikucheka. Kufika saa sita mchana alikuwa amekwisha. Tulimzika nyuma ya migomba, kwenye kopo la Blue Band.

Wiki moja baadaye wale watoto wakamletea mwingine. Safari hii dogo hakusema lolote. Aliweka ndoo mlangoni, akaniangalia.

Hapo ndipo nilipoanza kufanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nikanunua bando, nikasoma mpaka saa nane usiku. Na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba kila anayefuga hawa viumbe kwa ufundi, awe Ujerumani au Marekani, haanzi kwa kusema "ninalo tanki". Anaanza kwa kuuliza: huyu kwao anaishi wapi? Mtini, juu ya ardhi, au shimoni? Ni kama kupangisha nyumba. Huwezi kumpa mzee wa goti bovu chumba cha ghorofa ya nne, halafu ukashangaa anaanguka ngazi.

Kwa hiyo wewe mwenye tanki lako la kioo, ambaye najua upo maana mitumba ya vyombo imejaa mjini, kaa nikupitishe wapangaji mmoja mmoja.

Wa kwanza ni wa ghorofani. Hawa wanakaa kwenye miti, kwenye mianya ya magome na matundu ya matawi. Hapa kwetu Tanzania tunaye mmoja, jina lake la kitaalamu Encyocratella olivacea, alipewa jina hilo mwaka 1907. Ni mwepesi, miguu imeumbwa kushika. Huyu anataka kimo, hana shida na uwanja. Tanki kama langu ukiliweka kama lilivyo unampa urefu asioutaka. Mafundi hulisimamisha wima, kile cha 60 kiwe kimo, mlango ukae mbele, ubavuni yatobolewe matundu ya hewa, ndani lisimamishwe gome la mti. Hapo mpangaji atashukuru. Ila jiandae: ukifungua mlango, mtu wa ghorofani anajua kukimbia.

Wa pili ni wa sebuleni. Hawa wanatembea juu ya ardhi, wana kijishimo au jiwe la kujisitiri, basi. Mfano maarufu duniani ni yule wa Meksiko mwenye magoti mekundu, ukoo wa Brachypelma. Ni mpole, mwendo wa pole kama bibi harusi, ndiyo maana wanaoanza kufuga huko ng'ambo huelekezwa kwake. Jike linaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Fikiria hiyo, wewe ambaye uchumba wako haujafikisha miezi minane.

Kwa huyu kanuni wanayoitumia wafugaji ni hii. Pima buibui akiwa amenyoosha miguu, kutoka ncha ya mbele mpaka ya nyuma. Urefu wa tanki uwe mara tatu ya kipimo hicho, upana mara mbili. Kimo, kutoka kwenye udongo mpaka mfuniko, kisizidi mara moja na nusu. Buibui wa sentimita 12 anataka urefu wa 36, upana wa 24, na kimo kisichozidi 18. Tanki langu linafaa kwa urefu na upana. Kwa kimo limezidi kwa 22. Hizo 22 ndizo zilizomuua marehemu. Dawa yake ni kujaza udongo mpaka kimo kipungue. Nikapiga hesabu: 60 mara 30 mara 22, ni kama lita 40. Ndoo mbili kubwa za udongo! Kabati langu lingekunja magoti.

Lakini wa Meksiko hapa Makumira utampata wapi? Biashara yake ya kimataifa inabanwa na mkataba wa CITES, na kuingiza mnyama wa nje nchini si kama kuingiza simu mkononi. Tena ana mambo yake. Buibui wengi wa bara la Amerika wakiudhika wanasugua tumbo kwa miguu ya nyuma na kurusha vinyweleo vinavyowasha. Umewahi kupita kwenye upupu? Basi huyo ni upupu unaotembea.

Wa kwetu Afrika hawana huo upupu. Usishangilie. Aliyenyimwa upupu alipewa meno, na anayatumia.

Wa tatu ni wa handaki. Hapa tuna mfalme wetu, Pelinobius muticus, anayepatikana Kenya na Tanzania. Mjerumani Karsch alimwandika mwaka 1885. Akinyoosha miguu anaweza kukaribia sentimita 20, ya nyuma minene iliyopinda. Ukimsogelea anasugua viungo vyake vya mbele na kutoa mlio wa kama nyoka anayefoka. Na kuna mwingine wa Tanzania, Eucratoscelus pachypus, ambaye miguu ya nyuma imejaa manyoya mazito, utadhani kavaa bugaluu za wazee wetu. Wote hawa ni wachimbaji. Ukimpa mfalme vidole viwili vya mchanga umemweka stendi bila koti usiku wa Julai. Anataka udongo wa kushindilia, sentimita 30 na zaidi, wa juu mkavu na wa chini wenye unyevu kidogo, achimbe mwenyewe apendavyo.

Na hapa, wasomaji wangu, tanki langu la kimo cha 40 ndipo linapofaa kuliko popote! Jaza 30, acha 10. Hawezi kupanda juu akaanguka. Lakini ukishafanya hivyo, utamwona lini? Usiku wa manane, ncha za miguu miwili. Mchana wageni wakija utawaonyesha tundu. Wenzetu wanaofuga wana utani wao: ukinunua buibui wa shimoni, umenunua sanduku la udongo la bei mbaya.

Wa nne ni mjanja wa mjini. Pterinochilus murinus. Pocock wa Uingereza alimpa jina mwaka 1897, na hilo "murinus" maana yake ni wa rangi ya panya. Lakini wale waliojipatia sifa duniani ni wa milima yetu ya Usambara, rangi ya chungwa lililoiva, kama taa ya daladala usiku. Huyu hana shida na nyumba. Ukimpa udongo anachimba, ukimpa gome anapanda, ukimpa kona tupu anatanda utando mpaka tanki zima linakuwa kama pamba. Kwa tanki lolote anafaa.

Tatizo ni tabia. Ana mbio ambazo jicho halizifuati, na hana subira. Akisimama kwa miguu ya nyuma akanyanyua ya mbele, hasalimii, anaomba pambano. Hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kutokana na kuumwa na tarantula, hilo ni la kushukuru. Lakini waliowahi kung'atwa na huyu wanaeleza maumivu makali, uvimbe, na misuli kukakamaa. Kwa mtu mzima ni kasheshe. Kwa mtoto sitaki hata kufikiria.

Nilipofika hapo nikanyanyua macho kwenye simu, nikaangalia ndoo. Yule wa ndani alikuwa na ile michirizi ya miale mgongoni. Ukoo wa Pterinochilus. Ndugu yake huyu huyu wa chungwa!

Basi nikaanza kupima nyumba upya. Na safari hii sikupima tanki. Nilipima chumba. Kuna mimi, ambaye asubuhi napanda Hiace kwenda mjini kuhangaikia makala, narudi usiku. Kuna dogo, miaka 11, mikono yake haijui kutulia, ndiye angebaki na mpangaji mchana kutwa. Jirani wa kushoto ana mtoto anayetambaa, na mtoto huyo chumba chetu anakijua kama chao. Mlango wetu kwa chini una uwazi wa vidole vitatu. Na mama mwenye nyumba, Mungu ampe maisha marefu, kila mwisho wa mwezi anapuliza dawa ya mende nyumba nzima bila kutangaza. Dawa inayoua mende haimwulizi buibui kitambulisho.

Hapo ndipo kitu kikanigonga. Tulipomuua yule wa kwanza nilidhani tumekosea vipimo vya kioo. Kweli tulikosea. Lakini hata ningejaza ndoo mbili za udongo, nikatoa jiwe na kubadili mfuniko, bado ningekuwa nimempangisha buibui mkali, mwenye mbio, kwenye chumba chenye mtoto, jirani mwenye mtoto na dawa ya mende. Nyumba ya mnyama haiishii kwenye kioo. Inafika mpaka kwenye watu wanaolala pembeni yake. Kioo changu kilimfaa. Sisi hatukumfaa.

Kesho yake nikaenda ofisi za halmashauri pale Usa River kumtafuta mtu wa wanyamapori. Nilimkuta mzee mmoja mpole. Nikampa shikamoo, nikamwambia nina rafiki ana buibui. Akaniangalia kwa muda. "Rafiki yako," akasema, "mwambie vya porini vina sheria yake, ya mwaka 2009. Mtu haokoti tu akaweka ndani kwa sababu ana kontena. Anauliza kwanza." Akanieleza pia kwamba viumbe hai vya nchi hii, wakiwemo hawa buibui, vilikuwa vikisafirishwa sana kwenda nje kuuzwa kwa wafugaji, hadi Serikali ilipositisha biashara hiyo mwaka 2016. Hilo la mwaka 2022 nilikuwa nalikumbuka mwenyewe: ilitangazwa ruhusa ya miezi sita ya kumalizia wanyama waliobaki kwenye mazizi, watu wakapiga kelele, ikasitishwa baada ya siku chache tu.

Nikarudi nyumbani nimejipanga kutoa hotuba. Dogo hakunipa nafasi.

"Tunamrudisha, eti?"

"Tunamrudisha."

"Kwa sababu ya tanki?"

"Kwa sababu yetu."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Lakini dada, tanki ulilinunua wewe." Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Tulimrudisha usiku ule ule. Tuliwachukua wale watoto watuonyeshe mahali penyewe, maana kumtupa tu popote ni sawa na kumshusha mtu Kikatiti wakati kwao ni Kijenge. Wote niliwavalisha mabuti ya mvua, kwa sababu kule kwenye nyasi kifutu naye ana makazi yake, na kifutu hana utani. Tukalaza ndoo ubavuni, tukarudi hatua tatu. Buibui hakutoka. Dakika kumi, hakutoka. Mbu walitula. Halafu mguu mmoja, wa pili, akagusa udongo kama mtu anayepima maji ya kuoga. Akatembea taratibu mpaka kwenye ufa wa ukingo wa shamba, akaingia. Dogo akachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu pembeni.

Siku nne baadaye tukarudi na tochi. Mdomo wa ule ufa ulikuwa umezungushiwa utando mpya, mweupe, safi, na katikati yake ncha mbili za miguu. Mpangaji kaingia, kafunga pazia. Udongo wenyewe, kina chenyewe, unyevu wenyewe, hakuna aliyempimia. Na kodi halipi.

Sasa dogo ana daftari. Kila Jumamosi jioni tunashuka pale, anaandika tarehe, saa, na kama yupo mlangoni au hayupo. Hatuchokoi kwa kijiti, hatumwagi maji shimoni, hatusogei zaidi ya hatua mbili. Wiki moja hakuonekana kabisa na utando ulikuwa umeziba mdomo wa shimo. Dogo alitaka kulia, akijua kafa. Nikamweleza kwamba buibui akitaka kujivua gamba hujifungia ndani, hali, hapokei wageni. Mwaka 2011 wakubwa wa CCM walitangaza kujivua gamba, tukasubiri tuone. Buibui hatangazi. Anajifungia, analala chali kama maiti, anatoka na ngozi mpya. Wafugaji wengi wapya hukosea hapo: wanamkuta kalala chali, wanadhani kafa, wanamtupa jalalani akiwa hai. Buibui anayekufa mara nyingi hukunja miguu chini ya mwili, kama wa kwetu alivyofanya. Aliyelala chali muache, usimguse, na mende usimwekee. Mende naye ana meno.

Wiki mbili baadaye utando ulifunguka. Yupo.

Najua miongoni mwenu wapo watakaosema wao nyumba wanayo, ya peke yao, haina mtoto, mlango unaziba, na vibali watafuata. Sawa. Kwa hao narudia kwa kifupi niliyoyalipia kwa kopo la Blue Band. Mjue kwanza mpangaji ni wa mtini, wa juu ya ardhi au wa shimoni, ndipo uangalie kioo. Wa ardhini usimpe kimo wala jiwe la kuangukia. Wavu wa waya juu usiweke, unanasa kucha, tafuta mfuniko mgumu wenye matundu madogo. Udongo usichote kwenye shamba la kahawa au mahindi lililopigwa dawa. Chakula ni panzi au mende asiyepuliziwa kitu, mmoja wawili kwa wiki, na kisosi cha maji kila siku. Wawili usiwaweke pamoja, mmoja atakuwa chakula. Na kumshika mkononi ili upigwe picha, acha. Yeye hapendi, hapati raha yoyote, na akianguka unajua mwisho wake.

Halafu, baada ya yote hayo, pima chumba. Kama jibu ni hapana, ni hapana. Hakuna aibu. Mimi nimelipokea hilo jibu na bado Jumamosi zangu zina raha.

Kuhusu tanki, lipo. Kioo kizima, hakina ufa, na viatu vya Jumapili vimerudi mle. Nalitoa kwa shilingi 15,000 zile zile, sitafuti faida. Anayelitaka na aje Makumira. Lakini kabla sijapokea pesa nitamwuliza maswali mawili: unataka kumweka nani humu, na nyumbani kwako kuna nani mwingine?

Akinijibu tu kwamba ana nafasi juu ya kabati, simuuzii.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.